Mzee, inuka kitini tupime nguvu zako

Ndugu mfanyakazi, Jumapili ukiwa nyumbani hapa Karavia, mtazame baba yako anapoinuka kitini. Anasukuma kwanza kwa mikono? Anayumba kabla ya kupiga hatua? Usiseme tu «ni uzee». Miguu inapunguka nguvu, na jambo hilo linapimwa.

Wazee wetu waliofanya kazi ngumu wanapenda kuonyesha nguvu zao kwa kunyanyua mfuko wa makala. Kipimo hicho ni kibaya. Kinaweza kuumiza mgongo, tena mikono haituambii habari za mapaja. Na mapaja yakilegea, ndipo mzee anaanguka usiku akienda chooni.

Kwanza: mwenye kuumwa kifua, mwenye ugonjwa wa moyo ao damu inayopanda sana, asipimwe nyumbani. Aje kwa munganga.

Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akae, nyayo zikanyage chini, mikono aikunje kifuani. Ukisema «haya», asimame wima na kukaa tena, mara nyingi awezavyo, kwa sekunde 30. Wewe simama karibu naye, uhesabu. Akijisaidia kwa mikono, hesabu yake ni sifuri, usimhurumie. Kwa hesabu zinazotumika Marekani, mwanaume wa miaka 65 mpaka 69 asiyefikisha mara 12 yuko chini ya wenzake, na hatari ya kuanguka iko karibu. Kwa mwanamke ni mara 11. Ndiyo, mama naye apimwe!

Pumzi inapimwa kwa kutembea dakika 6. Pima mita 30 kwa kamba penye tambarare, weka jiwe kila upande. Mzee aende na kurudi upesi awezavyo, bila kukimbia. Akichoka apumzike, lakini saa isisimamishwe. Fanyeni asubuhi, zaidi sana mwezi wa Oktoba wenye jua kali. Akisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua ao jasho baridi, acheni palepale.

Andika mita alizotembea. Safari 13 ni mita 390. Usimlinganishe na jirani: mtu mrefu anafika mbali kuliko mfupi, na aliyevuta vumbi la mgodi miaka mingi hana mapafu ya karani. Mlinganishe na yeye mwenyewe, baada ya miezi 3. Mita zikipunguka sana, mlete: inaweza kuwa moyo, mapafu ao upungufu wa damu.

Na mwenye miguu dhaifu? Kiti kilekile ni dawa yake. Ainuke mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, hata kwa kushika meza mwanzoni, akiongeza polepole. Kwenye bukari yake aongezewe maharagwe ao ndakala, maana bukari peke yake haijengi nyama ya mapaja.