Hesabu inayofurika kimya ndani ya kompyuta

Nahodha anayetoka Lamu kuelekea Pate kwa njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, hungoja maji yajae. Wazee walizijua bamvua kwa mwezi. Siku hizi baadhi ya vyombo hubeba GPS, na vifaa vingine huonyesha hata maji kujaa na kupwa. Tarehe ikikosewa ndani ya kifaa hicho, na maji yatakosewa.

Tarehe hiyo hutokana na hesabu ya majuma iliyoanza Januari 6, 1980. Katika ujumbe wa asili wa setilaiti, hesabu hiyo ilitengewa biti 10 tu, zinazotosha nambari 0 hadi 1,023. Kisha hurudi 0. Ndivyo ilivyokuwa Agosti 1999, na tena mwendo wa saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, Aprili 7, 2019, kwa saa za Kenya. Kifaa cha zamani kisichorekebishwa kingeweza kudhani mwaka ni 1999.

Kasoro ya aina hii hujificha pia katika mifumo endeshi, yaani programu zinazosimamia kompyuta au simu nzima. Aliyepata kupima nafaka ataelewa. Pishi ni vibaba vinne. Ukiimimina katika kibaba kimoja, mtama unaozidi humwagika na kila mtu huuona. Kompyuta humwaga bila kelele, kisha hukichukua kilichobaki kuwa ndiyo pishi yenyewe.

Linux, kama mifumo mingi, imeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya C, inayoruhusu umiminaji huo. Mlinzi ni kompaila, programu inayogeuza maandishi ya mtungaji kuwa amri za mashine. Ikiagizwa kuwa kali, huonya nambari ya biti 64 inapotiwa katika nafasi ya biti 32, au nambari inayoweza kuwa hasi inapolinganishwa na isiyoweza, ambapo -1 huweza kuhesabiwa kuwa zaidi ya bilioni nne.

Maonyo huwa mengi, na mengine hayana madhara, ndiyo maana watungaji hushawishika kuyanyamazisha. Hutosha kuandika amri fupi ya kulazimisha ugeuzaji: onyo hutoweka, mtama ukaendelea kumwagika. Dawa ni kupanua chombo, au kupima kabla ya kumimina. Kupima baada ya kujumlisha hakufai. Katika C, nambari yenye alama ikishafurika matokeo yake hayana dhamana, na kompaila yaweza hata kulifuta jaribio lenyewe.

Gharama yake inajulikana. Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliangamia muda usiotimia dakika moja baada ya kuruka, kwa kuwa nambari kubwa ilitiwa katika nafasi ya biti 16.

Kuna furiko jingine ambalo siku yake yajulikana. Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Kwa biti 32 zenye alama, kikomo ni 2,147,483,647, nacho kitafikiwa Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, jua likikaribia kuchomoza Lamu. Sekunde ifuatayo, mfumo usiorekebishwa utarudi Desemba 1901.

Linux ilipata marekebisho hayo kwa mashine za biti 32 katika toleo la 5.6, Machi 2020. Lakini toleo jipya haliingii lenyewe katika kifaa cha mtumba, na anayekinunua kwa ajili ya chombo chake hana budi kuuliza programu yake ni ya mwaka gani. Hesabu ya majuma ya biti 10 nayo itarudi 0 Novemba 2038.