Miaka 30 si 15: Tunayoambiana Tukuyu kuhusu vifungo

Siku ya hukumu, nje ya Mahakama ya Wilaya ya Rungwe hapa Tukuyu, ndugu wa mshtakiwa hupigiana hesabu za miaka. Mengi wanayoambiana umeshayasikia hata wewe, kijiweni kwa bodaboda au ndani ya gari la Mbeya. Tuyapime, maana kuna familia zinauza ng'ombe kwa kuamini hesabu hizo.

“Gerezani usiku na mchana ni siku mbili, kwa hiyo miaka 30 ni 15.” Si kweli. Siku ya mfungwa ina saa 24 kama yako. Uvumi huu una mzizi, hata hivyo. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inatoa msamaha wa theluthi moja kwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja, akifanya kazi kwa bidii na kuwa na tabia njema. Aliyefungwa miaka 6 anaweza kutoka baada ya 4. Jirani akimwona amerudi nyumbani mapema, anajitungia maelezo. Lakini theluthi hiyo hupatikana kwa nidhamu, na aliyefungwa maisha hana theluthi ya kukatiwa.

“Hakimu akimwonea huruma atampunguzia.” Nusu kweli, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Makosa mengi yamewekewa kikomo cha juu tu. Wizi wa kawaida ni hadi miaka 7, na hakimu anaweza kutoa miezi michache, faini, au kumwachia mtu kwa masharti. Mkosaji wa mara ya kwanza aliyekiri kosa ana nafasi nzuri. Makosa mengine yana kiwango cha chini. Unyang'anyi wa kutumia silaha haupungui miaka 30, na panga ni silaha. Wizi wa ng'ombe, kosa linalouma wilaya hii ya wafugaji wa maziwa, haupungui miaka 5. Hapo machozi ya mama hayashushi hata mwezi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili liwe hili: kosa hili lina kiwango cha chini?

“Tukishamalizana nyumbani, kesi imekufa.” Kweli kwa makosa madogo, si kweli kwa makubwa. Wazee wetu wanaokalisha watu chini baada ya ugomvi wa kilabuni wako sahihi, na sheria iko upande wao: katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya watu binafsi, mahakama inaweza kuhimiza suluhu, pamoja na fidia. Sasa chukua kumpa mimba mwanafunzi. Tangu 2016, Sheria ya Elimu imeliwekea kosa hilo miaka 30. Ng'ombe wakipelekwa usiku kwa baba wa binti, hawafuti kitu, kwa sababu anayeshtaki ni Jamhuri, na mwenye uwezo wa kuiondoa kesi ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Baba anayewapokea amemuuza mwanawe mara ya pili. Nalisema hivyo bila kutafuna maneno.

“Aliyemuua mchawi ataeleweka.” Si kweli. Kuamini tu kwamba marehemu alikuwa mchawi mahakama hazikuhesabu kuwa kukasirishwa ghafla kunakoshusha kosa. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994, lakini waliohukumiwa hivyo wanaendelea kukaa gerezani.

“Mtoto hafungwi jela.” Kweli. Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kifungo kwa aliye chini ya miaka 18. Anaweza kupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, mkoani kwetu Mbeya.

“Ukikata rufaa utaongezewa.” Inawezekana. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kupunguza na ya kuongeza. Ila hofu hiyo isimfanye mtu alalie haki yake, kwa sababu muda unakwenda: taarifa ya kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Aliye ndani hahitaji mtu wa kumpelekea karatasi Mbeya. Anamkabidhi mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kuzifikisha.