Falsafa kwa Lugha ya Nne: Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kambini Dzaleka

Msafiri atokaye Lilongwe kwa barabara kuu iendayo kaskazini, kuelekea Mponela na Kasungu, hupita katika nchi ya mahindi na tumbaku. Kabla hajafika Mponela huikuta njia ya kwenda Dowa, na akiifuata hiyo hatakawia kuiona Dzaleka, kama kilomita 45 kutoka mji mkuu. Hapo mapaa ya nyasi na ya mabati yamesongamana, na lugha isikikayo sokoni si Kichewa peke yake. Mwuza dagaa huitwa kwa Kiswahili cha Kivu, fundi cherehani hujibu kwa Kirundi, na mtoto atumwaye chumvi huomba kwa Kichewa safi alichokipata shuleni.

Mahali hapa palikuwa gereza. Katika enzi ya Rais Kamuzu Banda palifungwa watu waliohesabiwa kuwa wapinzani wa serikali, na jina lenyewe wengi hulifasiri kuwa ni kiapo cha mfungwa: sitarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Banda alishindwa katika uchaguzi, paligeuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kuchukua watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Ni katika kambi hiyo ambamo tangu mwaka 2010 watu wamekuwa wakisoma elimu ya chuo kikuu. Mapadre wa Shirika la Yesu, ambao shirika lao la kuwahudumia wakimbizi lilikuwa tayari likiendesha shule pale, walianzisha mpango wa masomo ya juu Dzaleka, na wakati huo huo Kakuma nchini Kenya. Masomo yalipitia kwenye kompyuta, walimu wakiwa katika vyuo mbalimbali vya ng'ambo, na stashahada ya elimu ya jumla ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis kilichoko Denver, Marekani. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Ndani ya masomo hayo imo falsafa na maadili, na yote hufundishwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye kazi. Mkongo aliyemaliza sekondari kwao amesoma kwa Kifaransa, na huenda alipita katika mchepuo wa Kilatini na falsafa, ambao ni mchepuo wa heshima katika shule za Kongo. Nyumbani alizungumza Kibembe au Kifulero, mtaani Kiswahili, darasani Kifaransa. Alipofika Malawi aliambiwa kwamba cheti chake ni kizuri, lakini mlango hufunguliwa kwa Kiingereza. Basi mtu mwenye miaka thelathini, pengine baba au mama wa watoto wanne, huketi tena kwenye dawati kuanza na vitenzi.

Mtu angedhani kwamba ajuaye Kifaransa ataona Kiingereza chepesi, kwa kuwa maneno mengi yanafanana. Katika falsafa mfanano huo ni mtego. Lipo neno "conscience", ambalo lugha zote mbili huliandika kwa herufi zile zile. Kwa Mfaransa neno hilo hubeba mambo mawili: dhamiri, ile sauti ya ndani imkemeayo mtu akitaka kutenda ovu, na pia fahamu, yaani hali ya kujua kwamba upo na unaona. Mwingereza ameyatenganisha, akaliacha neno hilo kwa dhamiri tu, na fahamu akaipa neno jingine. Mwanafunzi asiyejua hilo ataandika kurasa tatu juu ya dhamiri hali ameulizwa habari za fahamu. Kadhalika "esprit" ya Kifaransa ni akili na ni roho pia, lakini katika Kiingereza hapana budi uchague moja. Ajabu ni kwamba Kiswahili, ambacho mwanafunzi hakukidhania kuwa lugha ya falsafa, kinayo maneno tayari kwa kila moja: akili, roho, nafsi, moyo, dhamiri, fahamu. Akirudi kwenye lugha ya jikoni kwake huona tofauti ambayo Kifaransa kilikuwa kimeificha.

Jambo hili lilipata kuchunguzwa na mwana wa maeneo hayo hayo. Mwaka 1956 padre Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu kwa Kifaransa juu ya falsafa ya lugha yake, akionyesha kwamba mpangilio wa maneno ya Kinyarwanda umegawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali na namna. Wapo wanafalsafa waliompinga, wakisema kwamba sarufi si fikra, na hoja yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo, Mrundi wa Dzaleka akisoma habari hizo kwa Kiingereza anasoma tafsiri ya maelezo ya Kifaransa kuhusu maneno aliyofundishwa na mama yake kabla hajaota meno yote.

Naye V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi katika Katanga mwaka 1941, aliandika mashairi na riwaya kwa Kifaransa, kisha akahamia Marekani, akafundisha, na mwaka 1988 akatoa kwa Kiingereza kitabu chake kilichosomwa kuliko vingine vyake vyote, juu ya jinsi Afrika ilivyobuniwa katika maandishi ya wageni. Alifariki mwaka 2025. Yeye hakuwa mtu wa kambini, lakini njia aliyoipita, kutoka Kifaransa hadi Kiingereza, ndiyo waipitayo hawa.

Nyumbani maswali ni mengine. Mgawo wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa miaka hii, maji yapaswa kufuatwa bombani, na unga haupatikani kwa kutaja jina la Aristotle. Mke aliyeuza mandazi tangu alfajiri anapomwona mumewe ameinamia karatasi ana haki ya kuuliza falsafa italeta nini. Swali hilo ni zito zaidi kwa mama anayesoma mwenyewe: hukoka moto, hupika, huogesha watoto, ndipo afungue daftari usiku usingizi umekwisha kumkamata. Kusema kweli, nyumba ambamo mume hubeba ndoo ya maji ili mkewe afike darasani imekwisha kusoma sura nzima ya maadili.

Sheria nayo haisaidii sana. Malawi ilipoukubali Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi iliweka masharti yake, miongoni mwayo ya kazi na elimu. Mkimbizi hutakiwa kukaa kambini, na kwenda Lilongwe, hata kutafuta kitabu maktaba, huhitaji ruhusa. Mwezi Machi mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei maduka yao mjini yakafungwa kwa nguvu. Wachache hupata msaada wa kwenda vyuo vikuu, kwa mfano mpango wa wanafunzi wa Kanada ambao huwachukua vijana wa Dzaleka kwenda kusoma huko. Waliobaki hufundisha katika shule za kambi kwa malipo madogo, au huwa wakalimani.

Na katika ukalimani masomo yale hupimwa. Mkimbizi anapohojiwa ili iamuliwe kama atatambuliwa, husimulia kwa Kiswahili na afisa huandika kwa Kiingereza. Akisema kwamba ndugu yake aliuawa, mkalimani afanye nini? Ndugu ni mtoto wa mama mmoja, ni mtoto wa baba mdogo, ni jirani wa ukoo. Siku ya kwanza afisa akiandika kaka, na mahojiano ya pili mtu akaeleza kwamba ni mtoto wa shangazi, faili huonyesha watu wawili na msimulizi huonekana mwongo. Mkalimani mwenye mazoea ya kupima neno kabla ya kulipitisha husimamisha mazungumzo, akauliza: ndugu wa tumbo moja, au wa ukoo? Afisa hungoja, kalamu mkononi. Kisha jibu huandikwa kama lilivyo, na mahojiano huendelea hadi zamu ya mtu mwingine aliye nje kwenye benchi.