Yuko Kwenye Usukani? Kata Simu!

Jamani, hivi mnawajua wale wa kumpigia mtu simu mara saba mfululizo huku wakijua fika anaendesha? Akipokea, "Uko wapi?" Asipopokea ndiyo balaa, "Uko na nani?" Mimi hilo siliiti penzi, naliita kutafutana roho.

Wenzetu walishalitungia sheria. New York lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku simu ya mkononi kwenye usukani, mwaka 2001. Uingereza ikafuata Desemba 2003 kwa faini ya pauni 30, watu wakaendelea kupiga stori. Machi 2017 ikapanda hadi pauni 200 na pointi sita, na mwenye leseni isiyozidi miaka miwili ananyang'anywa. Machi 2022 wakakaza tena: kupiga picha au kuchagua wimbo kwa simu iliyo mkononi ni kosa, hata ukisubiri taa nyekundu. Kenya nayo, kanuni za 2016 ziliweka faini ya papo kwa papo, shilingi 2,000.

Utasikia, "Aah, mimi navaa earphone." Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha yuko kwenye hatari ya ajali karibu mara nne zaidi, na kuachia mikono hakusaidii sana, kwani kinachotoka barabarani ni akili. Abiria wa pembeni akiona lori ananyamaza. Wewe uliyejilaza kitandani unalalamika huoni kitu!

Sheria humbana anayepokea. Anayepiga hana kesi, ndiyo maana nasema hii sehemu ya pili tuitunge nyumbani:

• Akiondoka atume meseji, "Natoka." Ukiipata, tulia.
• Ukisikia honi au ngurumo ya gari, sema "tutaongea ukifika," kata.
• Kuna dharura? Piga, mwambie kwanza asimame pembeni.
• Mkiwa pamoja, simu yake ishike wewe. Msomee iliyoingia, za zamani usichungulie!

Ugomvi wa simu isiyopokelewa huisha kwa chai ya jioni. Heri uvumilie nusu saa, kuliko upige mara ya nane, ipokelewe na sauti usiyoijua ikikuuliza: "Samahani, wewe ni nani yake?"