Kukataliwa kwa bima katika upasuaji wa kupunguza uzito

Kukataliwa kwa bima katika upasuaji wa kupunguza uzito ni hali ambapo mfuko au kampuni ya bima ya afya inakataa kugharimia upasuaji unaolenga kutibu unene uliokithiri. Bima inaweza kukataa kabla ya matibabu, kwa kunyima kibali, au baada yake, kwa kutolipa madai ya hospitali. Mara nyingi uamuzi wa kwanza si wa mwisho, kwa kuwa mwanachama ana haki ya kuomba maelezo na kutaka uamuzi uangaliwe upya.

Makala hii inaeleza suala hilo nchini Tanzania, hasa kwa mgonjwa anayeishi Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma.

Upasuaji wenyewe

Shirika la Afya Duniani linamhesabu mtu mzima kuwa na unene uliokithiri ikiwa kipimo chake cha BMI ni 30 au zaidi. Kipimo hicho hupatikana kwa kugawanya uzito katika kilogramu kwa kipeo cha pili cha urefu katika mita. Kwa mfano, mtu mwenye kilogramu 120 na urefu wa mita 1.65 ana BMI ya 44 hivi.

Kwa muda mrefu madaktari walifuata mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991. Mwongozo huo ulipendekeza upasuaji kwa mwenye BMI ya 40 au zaidi, au 35 au zaidi akiwa pia na ugonjwa unaotokana na unene, kama vile kisukari au shinikizo la juu la damu. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huo vilishusha kiwango hicho hadi BMI ya 35 hata bila ugonjwa mwingine.

Aina mbili zinazofanywa zaidi ni kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula ili libaki kama mrija mwembamba, na kutengeneza kifuko kidogo cha tumbo kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Njia nyingine ni kuweka puto tumboni kwa miezi kadhaa, lakini hiyo si upasuaji. Baada ya upasuaji mgonjwa huhitaji kufuatiliwa na kutumia vitamini na madini maisha yake yote.

Nchini Tanzania huduma hizi bado ni changa. Katika miaka ya 2020 zimeanza kutolewa na Hospitali ya Taifa Muhimbili katika tawi lake la Mloganzila, Dar es Salaam.

Bima ya afya nchini Tanzania

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mwanzoni ulihudumia watumishi wa serikali kuu. Mchango wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri. Orodha ya huduma zinazolipiwa huitwa kitita cha mafao.

Wananchi wengi wa vijijini walijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF). Chini ya CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma ziliishia katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa hiyo matibabu yanayopatikana Dar es Salaam pekee yalikuwa nje ya bima hiyo.

Pamoja na mifuko hiyo kuna kampuni binafsi za bima. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Njia ya mgonjwa kutoka Songea

Neno "rufaa" lina maana mbili hapa. Kwanza ni kupelekwa hospitali ya ngazi ya juu, pili ni kupinga uamuzi. Mgonjwa anaweza kuhitaji zote mbili.

Kwa kawaida mgonjwa huanzia zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Songea mjini (HOMSO). Karibu na mji ipo pia hospitali ya misheni ya Peramiho. Ngazi inayofuata ni hospitali ya rufaa ya kanda, halafu hospitali ya taifa. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Mgonjwa anayefika huko bila barua ya rufaa au kibali anaweza kujikuta analipa mwenyewe au anarudi nyumbani bila matibabu, baada ya kutumia fedha za nauli na malazi.

Sababu za kukataliwa

Sababu zinazotolewa mara kwa mara na bima mbalimbali ni hizi:

- Huduma haimo katika kitita au katika mkataba wa bima.
- Upasuaji umehesabiwa kuwa wa urembo, si wa matibabu.
- Nyaraka zina upungufu, kwa mfano hazionyeshi BMI, magonjwa mengine au matibabu yaliyotangulia.
- Mgonjwa hakupitia ngazi za rufaa au hakuomba kibali mapema.
- Hospitali haina mkataba na bima husika.
- Uanachama umekoma au michango haijalipwa.

Ni muhimu kutofautisha sababu hizo. Upungufu wa nyaraka unaweza kurekebishwa kwa barua ya daktari. Kama huduma haimo kabisa katika kitita, barua peke yake huenda isitoshe.

Kupinga uamuzi

Hatua ya kwanza ni kupata uamuzi kwa maandishi, ukitaja sababu na kifungu kilichotumika. Jibu la mdomo dirishani ni vigumu kulipinga.

Hatua ya pili ni kukusanya ushahidi: kumbukumbu za uzito kwa miaka kadhaa, vipimo vya sukari na shinikizo la damu, dawa zilizotumika, juhudi za lishe na mazoezi, na maelezo ya daktari bingwa kuhusu madhara ya kutofanyiwa upasuaji. Ushahidi huo husaidia kuonyesha kwamba lengo ni tiba.

Hatua ya tatu ni kuwasilisha maombi. Mwanachama wa NHIF huanzia ofisi ya mkoa kabla ya kwenda makao makuu. Mteja wa kampuni binafsi huanza na kampuni yenyewe. Asiporidhika, anaweza kwenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nakala ya kila barua na tarehe ya kuipeleka zinapaswa kutunzwa.

Katika nchi nyingine

Nchini Marekani bima ya serikali kwa wazee, Medicare, imelipia aina kadhaa za upasuaji huu tangu mwaka 2006 kwa wenye BMI ya 35 au zaidi na ugonjwa unaohusiana na unene. Sheria ya mwaka 2010 inawapa wanachama wa bima nyingi binafsi siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, na baadaye haki ya kusikilizwa na wakaguzi wa nje.

Tazama pia

- Bima ya afya
- Kisukari
- Mkoa wa Ruvuma
- Unene uliokithiri