Ng'ambo ya ziwa: kanisani kwanza, kisha majini



Likizo kubwa ikikaribia, wanafunzi wanaanza kusema: "Safari hii tutoke kidogo, tuvuke ziwa." Kwa kijana wa Bendera, nchi ya kigeni iliyo karibu ni Tanzania. Anashuka kwa barabara mpaka Kalemie, anapanda meli ao boti, na kisha zaidi ya kilometa 100 za maji anafika Kigoma. Mpango wenyewe ni mfupi: siku ya Mungu kusali pamoja na Wakristo wa kule, siku inayofuata kushinda pwani, kuoga na kucheza mpira kwenye mchanga.

Ni mpango mzuri. Lakini mama anauliza: "Batoto bataenda na nani? Na maji je?" Swali la mama si woga. Inafaa lipate jibu mbele ya kulipa tikiti.

Munaenda kwa watu

Ni nani watakaowapokea? Watu wa Kigoma wanatujua tangu zamani. Mwaka 1996, vita vilipoanza, familia nyingi za Fizi na za pwani yetu zilivuka ziwa, wengine na nguo ya mwilini tu. Mwaka ule ule kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu kwa ajili ya wakimbizi wa kwetu. Basi, unapoingia kanisani Kigoma, yule mama unayekaa naye benchi moja pengine ndiye aliyempa shangazi yako maji ya kunywa siku ile.

Kwa hiyo, mbele ya kupiga picha, sema asante. Tena asante isiwe ya mdomo tu. Kikundi kijifunze wimbo mmoja vizuri, kibebe kitu cha matoleo, hata kama ni mfuko wa unga wa muhogo. Na mkubwa wa kikundi aandike barua kwa padri ao mchungaji wa kule, mwezi mmoja mbele, aseme munakuja wangapi. Wageni thelathini wasiotangazwa ni mzigo hata kwa mwenye moyo mwema.

Utasema: "Lugha ni moja, hakuna shida." Iko shida kidogo! Kule kijana hamwambii mzee "Yambo, baba." Anasema "Shikamoo," na mzee anajibu "Marahaba." Ukikosa kusema hivyo, wataona haukufundishwa nyumbani, kumbe kwenu adabu iko, ila inasemwa kwa neno lingine. Pale mezani usishangae: bukari wanaiita ugali, sombe wanaiita kisamvu. Kula, shukuru, usianze kusema ya kwenu ndiyo tamu.

Barabara ya Ujiji

Kutoka Kigoma mpaka Ujiji ni kilometa chache. Wengi wanapelekwa pale kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha, wanarudi. Lakini wewe mtoto wa upande huu, simama kidogo. Wazee wetu waliokamatwa katika nchi ya Manyema walivushwa ziwa hili wakiwa wamefungwa, wakafikishwa Ujiji, na toka pale wakatembea kwa mguu zaidi ya kilometa 1,000 mpaka Bagamoyo kwenye bahari. Mapadri Weupe walipofika Ujiji mwaka 1879, biashara ile ilikuwa ingali inaendelea.

Muongeze na habari ya Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali. Alipokuwa mtoto mdogo alikamatwa na kuuzwa jangwani, kisha mapadri walimkomboa kule Algeria. Alisoma uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini ya Kigoma, kwenye pwani ile ile. Aliwatibu watu na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka 67! Mtoto aliyehesabiwa kama mzigo wa kuuza akawa mganga wa nchi nzima. Wewe unayeambiwa kila siku kwamba maisha yako yataishia ndani ya shimo la karieri, beba habari hiyo urudi nayo nyumbani.

Siku ya maji

Sasa tujibu swali la mama. Watu wa Bendera munajua nguvu ya maji: mto Kyimbi ulijengewa mitambo ili upeleke umeme Kalemie. Lakini kujua kuoga mtoni si kujua ziwa. Tanganyika ina kina cha meta 1,470, na mahali pengine hatua chache tu kutoka mchangani hauoni tena chini. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unainua mawimbi kwa haraka.

Kwanza chombo. Mwezi wa 12 mwaka 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa hili. Ilibeba kupita kiasi, upepo ukavuma, na watu zaidi ya 120 wakafa. Kama chombo kimejaa kupita kiasi, ao hakina jile za kuokoa watu, musipande. Kesho iko.

Kisha pwani. Fuateni haya:

– Muulize wenyeji mahali salama. Wao wanajua penye mamba na penye mawe.

– Kila mmoja awe na mwenzake, wawili wawili. Kiongozi ahesabu watu kila nusu saa.

– Watu wazima wawili wabaki nchi kavu, wasioge, macho kwenye maji tu.

– Wawe na kamba na bidoni tupu ya litre 20 iliyofungwa vizuri. Mtu akizama, mtupie bidoni. Usimrukie kama hukufundishwa kuokoa, mutakufa wawili.

– Musioge penye matete na maji yaliyotulia. Pale ndipo konokono wa kichocho wanapokaa. Mukirudi, kisha miezi miwili, muende hospitali kupimwa. Dawa iko, na inaponyesha.

– Bia na maji havipatani.

Wazazi, kazi yenu ni nini? Andikeni barua ya ruhusa. Muulize ofisi ya DGM Kalemie karatasi zinazotakiwa, kwa maana mtoto asiye na karatasi anaweza kurudishwa toka bandarini. Mujue jina la kiongozi na namba yake ya simu. Na mtoto akirudi, musimuulize tu "Umetuletea nini?" Mumuulize "Umesali na nani?"

Mazungumzo ya nyumbani

1. Katika familia yetu, nani aliwahi kupokelewa ng'ambo ya ziwa? Tulimshukuru nani?

2. Wageni wakija kusali kwetu, tunawakalisha wapi, tunawapa nini?

3. Hapa nyumbani ni nani anayejua kuogelea vizuri, na anaweza kuwafundisha wadogo mbele ya likizo?