Amana ya Mhariri Msanifu

Habari ifikapo mezani jioni, nayo yasema kwamba mwizi wa ng'ombe alifikishwa mahakamani akakana shitaka, yuko mtu mmoja ambaye, kabla ukurasa haujapelekwa mtamboni, hana budi kulifuta neno "mwizi" na kuandika "mshtakiwa" mahali pake. Kwani maadamu hakimu hajatoa hukumu, kumwita mtu mwizi ni kumvunjia heshima, na gazeti laweza kudaiwa fidia kwa kashfa. Mtu huyo ni mhariri msanifu. Jina lake halichapwi juu ya habari wala wasomaji hawamjui, na kijana apendaye lugha, naye anatafuta riziki ya halali katika kuitumikia, yafaa aijue kazi yake kabla ya kuiomba.

Mhariri mkuu hushika sera ya gazeti, na mhariri wa habari huwatuma waandishi. Mhariri msanifu hupokea kilichokwisha kuandikwa, akakisafisha, akakipunguza kikatoshea nafasi yake, na akakipa kichwa. Katika nyumba za vitabu kazi hiyo humwangukia mhariri wa miswada, na mwendo wake ni wa taratibu zaidi, kwani gazeti humpa mtu saa chache tu, ilhali mswada huweza kukaa miezi, ukaenda kwa mwandishi na kurudi, ukapangwa, kisha prufu zikasomwa neno kwa neno.

Ukaguzi wenyewe huanzia katika sarufi na tahajia: "mahali ambayo" hugeuzwa "mahali ambapo", na "kwasababu" hutenganishwa yakawa maneno mawili. Lakini hatari kubwa hujificha katika sentensi zisizo na kosa la sarufi. Habari ya ng'ambo yasema jambo lilitokea saa 7 jioni kwa hesabu ya Kizungu. Mfasiri mwenye haraka huinakili tarakimu, akaandika "saa 7 usiku", na tukio la saa 1 usiku likasogezwa mbele kwa saa sita nzima. Kadhalika kichwa chatangaza vifo 12, na ndani wahesabiwa tisa waliofia barabarani na wawili waliofia hospitalini, asiyejumlisha hatagundua. Programu ya kukagua tahajia nayo haiwezi kumwokoa mhariri, kwani mwandishi akiandika kwamba bwana harusi "alioga" mwaka jana badala ya "alioa", mashine huona neno sahihi na kupita.

Kichwa cha habari nacho ni fani peke yake. Maneno ya Kiswahili hubeba viambishi, na safu ya gazeti ni nyembamba. Ndiyo sababu "Bunge limepitisha bajeti" huwa "Bunge lapitisha bajeti", na "Waziri ameagiza" huwa "Waziri aagiza", herufi mbili tatu zikaokolewa bila maana kupotea. Hata mwisho wa mstari wataka jicho, kwani programu ya kupangia kurasa iliyowekewa kanuni za Kiingereza huweza kulikata neno "nyumba" baada ya herufi m, hali silabi zetu zataka likatwe baada ya "nyu".

Pamoja na hayo yote, sifa iliyo adimu zaidi katika kazi hii ni kujua mahali pa kuizuia kalamu. Ni kweli kwamba lugha imesanifishwa: baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikagua miswada na kuipa ithibati. Na hivi leo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa Tanzania mwaka 1967, lina dhamana kama hiyo. Faida ya usanifishaji huo haina shaka, kwani mtoto wa Kigoma na mtoto wa Tanga husoma tahajia moja. Lakini kanuni ifaayo kitabu cha sayansi haifai kila mahali: bibi wa Lamu katika hadithi akisema "mato yangu", mhariri akiyageuza yakawa "macho yangu", hakusahihisha kosa, bali amemnyang'anya bibi yule ulimi wake, na mwandishi naye amedhulumiwa.

Njia za kuingilia si moja. Wengi hutanguliza shahada ya Kiswahili, isimu au uandishi wa habari. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, hufundisha uchapishaji kama taaluma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya Kiswahili na ya uandishi wa habari. Hata hivyo cheti hakimalizi maneno, kwani aghalabu mwombaji hupewa habari iliyovurugika na muda mfupi wa kuitengeneza. Wengine huanza kwa kusahihisha prufu, wengine kwa uripota, na wote huhitaji kamusi iliyo karibu, Kiingereza cha kutosha kutambua tafsiri mbovu, na subira ya kufanya kazi usiku watu wengine wakiwa wamelala. Wala mshahara usiwe ndio kivutio cha kwanza.

Atakaye kujipima na achukue ukurasa wowote wa gazeti, auhariri kwa kalamu nyekundu, kisha aandike pembeni hoja ya kila badiliko: sarufi, ukweli, sheria, nafasi, au wepesi wa kueleweka. Mahali atakapokosa hoja isipokuwa kwamba yeye angelisema vingine, na alirudishe neno la mwandishi. Akiona uzito kulirudisha, bado hajaiva kwa kazi hii.